Finjani ya Mzee Nasor

Mawaleh, Jumamosi usiku



Leo alasiri nilikwenda barazani kwa Mzee Nasor, mara ya kwanza tangu wanichague mjumbe wa Shura, bunge letu. Nikashika dele la kahawa kuwamiminia wazee kama kawaida, maana mimi ndiye mdogo wao. Akanipokonya. "Kaa, mwanangu. Leo nnakumiminia mie."

Yule mzee, asimame kwa ajili yangu. Nilipigwa na butwaa hata nikasahau kuitikisa finjani kuonyesha nimetosheka. Akamimina ya pili, ya tatu, ya tano, nami nakunywa tu.

Mwisho akaninong'oneza, "Itikise, mheshimiwa. Miguu yaniuma."

Naogopa. Wangapi watasimama hivi wakiningoja, na wasinambie kama miguu inawauma?