Mtindi Uliorudi na Kibuyu

Ngonga, Mei 1911

Baba Asajile,

Ugonile? Sisi tu wazima. Mpunga umeinama, na Asajile ameota jino.

Kibuyu nilichokupelekea mtindi wa kulainishia mikate ya wazungu wako huko bomani kimerudi. Siku zote hurudi kikavu, kinanuka, nami hukiosha kwa furaha. Safari hii kimeoshwa, na chini umeachwa mtindi kidogo wa kugandishia maziwa mapya, kama tufanyavyo wanawake. Wewe, pamoja na upishi wako, hujawahi kukumbuka hilo. Ni nani huyo anayekukumbukia?

Nilitaka kuumwaga. Kisha kwa hasira nikaumiminia maziwa, nione huyo mwenzangu anajua nini. Kulipokucha ulikuwa mzito kuliko wangu. Nikampelekea baba yako kupitia kwa mama yako, maana kwa mila mimi na mkwe hatuonani. Tangu unioe hajawahi kusema neno juu ya mtindi wangu. Leo ametuma shukrani: “Ndaga, mwanangu. Sasa umejua.”

Kibuyu sikileti tena. Mtindi wa mikate yako mwombe huyo aliyemfurahisha baba yako.

Mimi, ambaye bado ni mkeo,
Mama Asajile