Msichana wa Kitabuni Alipogeuka Mgeni

Elisabethville, Alhamisi, mwanzo wa mwezi wa tisa 1961. Vumbi na joto, mvua bado.

Leo sitakusalimia, shajara yangu. Nimekasirika, na mtu aliyekasirika heri asisalimie, ataishia kuuma.

Upepo umepeperusha vumbi jekundu tangu asubuhi na sauti imenikauka kooni. Lakini hasira yangu si ya vumbi. Ni ya kitabu, au tuseme ya wasomaji wake, kama mtu anaweza kuitwa msomaji wakati anayesoma ni mimi.

Kila Alhamisi pale fuaye, ambapo kina mama wa mtaa wetu hujifunza kushona, mimi monitrisi wao, yaani mwalimu, huwasomea huku mikono yao ikiwa kazini. Kitabu chenyewe ni cha zamani. Kiliachwa na bibi mmoja Mbelgiji aliyekimbilia Rhodesia mwaka jana. Alibeba paka akaacha vitabu. Ni zile hadithi za wasichana wa bweni: masista, vitanda vyenye mapazia, keki zinazofichwa chini ya mto, machozi ya siku ya kufunga shule. Nilipokuwa kwa masista nilizipenda mno. Naangalia sentensi ya Kifaransa, naitoa kwa Kiswahili.

Kila ukurasa unageuka baraza. Jamani, maoni! Mama gani anayemwandikia mtoto barua badala ya kupanda gari la moshi aje amwone? Keki chini ya mto, na panya je? Mkuu wa shule anayetabasamu bila meno kuonekana, huyo ni wa kuogopwa. Kinara wao ni Mama Mwansa, muuza samaki wakavu, aliyefika kutoka Pweto, kule ziwani, juzijuzi tu na tayari anajua ya kila nyumba. Akitoa hukumu, wengine wanaitikia. Mara nyingi nami hucheka naye. Leo sikucheka.

Kisa ni hiki. Kidani cha fedha cha mkuu wa shule kimepotea, na lawama zimemwangukia msichana mmoja, Mathilde. Kitabuni, Mathilde ni mgeni. Ametoka jimbo la mbali, matamshi yake yanachekwa, na tangu siku ya kwanza wenzake wananong'ona kwamba watu wa huko kwao ni wezi wote.

Hayo sikuyasoma. Niliyaruka.

Niliyaruka kwa sababu ya Mama Ngalula, ambaye hukaa karibu yangu. Watu wake ni wa jimbo la Kasai. Baba yake alikuja kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa hapa hapa, na hiyo Kasai hajawahi kuiona kwa macho. Lakini miezi hii, jimbo letu likiwa limejitenga na watu wa huko wakihesabiwa maadui, kuwa na jina la Kasai mjini kwetu ni balaa. Kuna vijana wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anatoka wapi. Familia nyingi zimehamia kambini, kule kwenye mahema karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Mume wake anataka nao waende. Yeye amekataa, anasema majirani zake wanamjua. Basi nikaona nisitie kuni motoni. Nikamfanya Mathilde kuwa binti wa mji uleule wa shule, na hadithi ikaendelea.

Na wakampenda! Mama Mwansa alimtetea kana kwamba ndiye aliyemnyonyesha. Wiki iliyopita aligonga meza kwa mkasi: «Ule mutoto mie minamujua! Anaamukaka asubuhi mbele ya benzake juu ya kusali. Mwizi anasalije? Haiwezekani!» Wote wakaitikia. Mathilde anakunja nguo zake vizuri, kwa hiyo amelelewa. Hasemi sana, kwa hiyo ana heshima. Nikarudi nyumbani nimefurahi, najiona nimetenda jambo la maana.

Leo sauti ikagoma. Mama Ngalula akasema atanisaidia kusoma. Kifaransa chake si haba. Nilisita. Kumkatalia mbele ya watu kungekuwa ajabu, nikampa kitabu.

Hakufungua tulipoishia. Alirudi nyuma, akapekua taratibu mpaka ukurasa ule Mathilde anaposhuka na sanduku lake mlangoni. Akasoma Kifaransa, akatafsiri. Jimbo la mbali. Matamshi. Watu wa huko kwao. Hakuruka neno.

Alikuwa amejua muda wote. Hukaa nami bega kwa bega, macho anayo, ningedhani haoni nini?

«Tosha!» akasema Mama Mwansa, akanigeukia mimi. «Kumbe eko mugeni? Juu ya nini haukutuambia, monitrisi? Basi njo yeye aliiba!»

Na wote, shajara, wote! Mmoja akasema yeye alishaanza kushuku. Anaamka mapema: kumbe ndiyo saa ya kuiba. Anakunja nguo vizuri: anaficha nini humo ndani? Hasemi sana: munaona, moyo wake si safi. Ushahidi haukuongezeka hata chembe. Kidani ni kilekile, msichana ni yuleyule. Nilitaka kupiga kelele nikakuta sauti sina, nikabaki naguna kama mbuzi mgonjwa.

Mama Ngalula alifunga kitabu akaniwekea mapajani. Akamalizia pindo la nguo ya mwanawe, akakata uzi kwa meno, akaondoka.

Nilimkimbilia nikamkuta mlangoni. Nilidhani analia. Halii.

«Bwana yangu anasemaka majirani habatasimama na siye,» aliniambia. «Mie nilikuwa nakatala. Leo nilitaka kusikia na masikio yangu.» Nikaanza kuomba radhi, akanishika mkono. «Ulifanya na roho muzuri, monitrisi. Lakini ulinifichaka bale bantu ninaishi nabo.»

Kesho wanahamia kambini.

Nimebaki na neno hilo tangu mchana na linaniuma. Miye nilidhani namkinga yeye. Niliowakinga ni wale wengine, wasijisikie wakisema wanayoyasema. Wiki nzima amelala kwenye nyumba ile asijue nyuma ya huruma niliyoitunga mimi kuna nini.

Halafu, kana kwamba siku haijatosha, Mama Mwansa akanifuata njiani na kapu lake kichwani. Anataka kujua mwisho. «Lakini kweli kweli, nani aliiba?» Nilishasoma mbele, najua. Ni mpwa wa mkuu wa shule, aliyelala kitanda cha kwanza kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumwambia. Nikamwambia tu kwamba Mama Ngalula anahama.

Alisimama. Uso ukambadilika kweli, siwezi kumsingizia. «Anahama? Mama Ngalula? Juu ya nini? Tulimukosea nini?» Nikamtazama. Akaelewa kidogo, au akaogopa kuelewa, kwa sababu alianza kusema haraka: «Ah non! Yeye eko muntu wetu! Mie nilikuwa nasema ya ule wa mu kitabu!»

Nimechoka! Nimechoka na watu wazuri wa namna hii. Afadhali angekuwa na roho mbaya, ningejua pa kumweka. Huyu ndiye aliyempelekea Ngalula supu ya samaki alipojifungua. Na vijana wale wakija kugonga, atakuwa anagonga meza kwa mkasi upande gani? Naona hata yeye hajui. Ngalula amejua, ndiyo maana anafungasha.

Godoro lao ni kubwa na kesho mume wake atakuwa amebeba mashine ya kushonea. Nimemwahidi Ngalula kwamba mimi nitashika upande mmoja wa godoro, yeye mwingine, na hatutapitia kichochoro cha nyuma. Tutapita barabara yenyewe, mchana, mbele ya mlango wa Mama Mwansa. Atatoka, namjua, atauliza tunakwenda wapi na kwa nini.

Sauti ikiwa imerudi nitamjibu, na safari hii sitaruka neno.