Pia ya Goti la Khavere

Kaloleni, 3 Juni 2024

Mpendwa Mama,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Mbale? Najua simu huisikii vizuri siku hizi, ndiyo maana naandika. Mimi si mzima sana. Kiwandani Industrial Area, tunakopakia sabuni, niliteleza kwenye mafuta yaliyomwagika nikaangukia goti. Msimamizi wetu, Mativo, akalifunga kitambaa. "Nenda upumzike, ni uvimbe tu." Lakini nikitaka kuinua mguu, hauinuki. Nauambia nyooka, unakataa.

Mwanao, Khavere

Mbale, 7 Juni

Mwanangu,

Mimi sijambo, kifua ni kile kile. Huyo Mativo alisomea udaktari wapi? Mguu usiomtii mwenyewe umevunjika! Enda hospitali leo. Na asikukande mtu!

Mama yako

Wodini, 12 Juni

Mama,

Salamu nyingi. Ulisema kweli. Picha imeonyesha pia ya goti imepasuka vipande viwili, na msuli wa paja umevivuta vikaachana. Daktari Wacera anasema plasta peke yake haitaviunganisha. Kesho watapasua, wavirudishe pamoja, wavishike kwa pini na waya. Naogopa, lakini hasira imezidi woga. Jana Mativo alikuja na ndizi, akaninong'oneza: "Sema ulianguka kwenye ngazi nyumbani, na kazi itakungoja." Mama, nyumba yetu unaijua. Haina ngazi hata moja!

Khavere

Mbale, 16 Juni

Khavere,

Umeamkaje baada ya kisu? Kanisa zima limekuombea. Hizo ndizi ungemrudishia! Ameshaharibu goti lako, sasa anataka na ulimi? Sema kilichotokea. Kazi ikiisha, iishe.

Mama yako

Kaloleni, 29 Agosti

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kimya. Nyuzi zilitolewa, goti linakunjika kidogo kidogo, natembea na mkongojo mmoja.

Nilipeleka malalamiko kama ulivyonishauri, na juzi tuliitwa kwa afisa wa kazi. Mativo akarudia hadithi ya ngazi, macho makavu. Ndipo Nthoki, ninayepakia naye, akasimama. "Mimi ndiye niliyemwinua. Nguo zangu zililowa mafuta yale yale. Tulikuwa tumeyalalamikia wiki nzima!" Kampuni imeamriwa kugharamia matibabu yangu. Tukitoka, Mativo akaninyooshea mkono, eti yaishe. Sikuupokea.

Kazi nimefutwa, hilo nililitarajia. Lakini jana asubuhi Nthoki naye alizuiwa langoni. Jumatatu tunarudi kwa afisa, na safari hii shahidi ni mimi.

Mwanao, Khavere