Mzee Alikuwa Amechuchumaa

Jumatatu, 7 Machi 1966

Idi wangu ni mkalimani wa korti! Salamu baadaye. Barua imefika nikiwa napepeta mchele, nikaumwaga wote. Kiingereza, Kiborana, Kiswahili, vyote vitapitia mdomo nilioulisha mimi kwa mkono huu. Babu yake alipigana vita ya Mfalme wa Uingereza, akarudi na koti tu. Mimi niliishia darasa la nne. Wacha nijisifu, nani mwingine atanisifu?

Nimemwambia Mama Zubeda wa nyumba ya pili kabla hajaitikia salaam aleikum. Akasema, "Haya, sasa hata kufungwa kutakuwa kutamu." Wivu.

Ijumaa baada ya swala nachinja mbuzi.

Ijumaa, 11 Machi

Karamu imeharibika. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Watu walijaa. Pilau haikuwa na mpinzani. Kabla ya hapo Mzee Galgalo, jirani yetu Mborana, aliomba aone matumbo ya mbuzi kabla hayajaoshwa. Ni desturi yao. Wazee wao husoma mishipa ya matumbo kama sisi tunavyosoma barua. Nikasema soma, nikidhani ataona gari, au mke wa Idi. Akachuchumaa, akasoma, akasema anaona haya. Miiba imezunguka watu. Ng'ombe wamelala nje, hawaamki. Bunduki iko mlangoni, na si ya shifta, wale waasi wa porini, ni ya serikali.

Halafu akanawa mikono, akala. Mbuzi wangu!

Simpendi yule mzee. Leo simpendi kabisa.

Jumamosi, 12 Machi

Foleni ya bomba ndefu. Mama Zubeda akanianza: "Mama mkalimani, hebu tutafsirie yale matumbo!" Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikalia.

Basi nikawapa. Nikasema mzee alisimama juu ya mbuzi wangu, fimbo juu, macho mekundu, akaiapiza serikali mpaka mate yakaruka. Kicheko kikakatika. Nikarudi nyumbani na ndoo mbili na raha yangu.

Jumanne, 15 Machi

Wamemchukua Mzee Galgalo. Askari watatu, gari ya polisi, asubuhi watu wakinywa chai. Eti ametisha watu na kuiapiza serikali. Na wakati huu wa shifta, neno dogo linajaza gari.

Vizuri. Akasome matumbo ya jela.

Hiyo niliiandika asubuhi. Sifuti.

Mchana nikakutana na binti yake, Kabale. Nikamsalimu. Hakuitika. Akasema, "Mama Idi, umekula mbuzi hujashiba, sasa unakula mtu." Nikamwambia achunge mdomo wake, mimi ni mama wa mtu wa korti. Akanitazama miguuni, akatema mate, akaenda.

Chakula cha jioni sikukigusa.

Alhamisi, 17 Machi

Kesi kubwa ya kwanza ya Idi ndiyo hiyo. Tarehe ishatajwa. Tangu ile barua ifike naalika mtaa mzima waje wamwone amesimama na tai, siku yoyote atakayosimama. Sasa siku imepatikana, na mimi natamani wasije.

Alikula mchana na kamusi kando ya sahani. Afisa mmoja wa polisi ameshamwambia neno analolitaka yeye lisemwe kwa Kiingereza. Idi hataki kupewa neno. Akanieleza, na mimi nikaandika kwa kunakili karatasi yake. Waingereza wana neno la kila mdomo. *Predict*, mtu ameona wingu, anasema itanyesha. *Prophesy*, Mungu amemwonyesha, anasema itanyesha. *Dictate*, anaipangia mvua saa. *Threaten*, anakwambia atakunyeshea wewe. *Pontificate*, hajui mvua inatoka wapi, lakini amepanda kiti anawafundisha watu maji.

Nikasema hilo la mwisho ni la afisa wako. Akasema, "Na lako pia, Mama, ukiwa na wageni." Mtoto hana adabu. Nilicheka.

Halafu akaacha kucheka. Akasema kwa yale mawili ya kwanza mzee anarudi kwake. Kwa *threaten* anafungwa, na kwa umri ule hatoki. Maneno yenyewe hakuna anayeyabishia: miiba, ng'ombe, bunduki. Kinachotafutwa ni aliyasemaje. Akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa karibu. Mimi nilikuwa nje na wageni. Aliyasemaje?"

Nikasema pilipili imenipalia. Chakula hakikuwa na pilipili.

Jumamosi, 19 Machi

Nimemwambia.

Mzee alikuwa amechuchumaa. Sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya msiba ambayo si yake. Alipofika kwenye bunduki aliniangalia kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniudhi. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta. Macho mekundu na mate niliyatengeneza mimi, kwa sababu ya kicheko cha wanawake wanne.

Idi hakupiga kelele. Angepiga ningepumua. Akauliza tu, "Fimbo ilikuwa ukutani?" Ukutani. Akakunja ile karatasi yake. Akasema nikitoa ushahidi, yeye hawezi kukalimani. Mtu hamkalimani mama yake. Wataleta mwingine kutoka Meru, na afisa hatamsahau Idi kwa hilo.

Nikamuuliza, "Na nisipotoa?"

Akasema, "Basi nitasimama pale na tai, Mama, na nitajua."

Najichukia. Na yeye namchukia kidogo kwa kunijibu vizuri hivyo.

Jumatatu, 21 Machi

Nimeenda ofisini kwa polisi. Yule afisa hakunipa kiti. Alizungumza nusu saa, kidole juu, kuhusu taifa changa, adui, na wanawake wasiojua mambo. Akasema wazee kama hawa lazima wavunjwe. Akasema, "Mama, unajua uongo ni kosa?" Nikasema najua, ndiyo maana nimekuja, andika. Akasema mwanangu ana kazi nzuri. Nikasema najua, nilichinja mbuzi. Andika.

Karani akaandika. Akasukuma kidau cha wino nitie dole gumba. Nikamwambia nipe kalamu. Nikaandika jina langu lote, na la baba, na la babu.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kumsalimu mtu. Sijawahi.

Jumanne, 22 Machi

Siku ya upepo na vumbi. Nimefua. Idi ameenda kazini na shati lile lile la jana, hakutaka nipige pasi. Ila chai alikunywa.

Nimempelekea Kabale maziwa ya kumpelekea baba yake. Aliyapokea mlangoni. Hakunikaribisha, hakunitukana. Nilimwambia nitakachosema kortini. Akasema, "Nitakuja kusikia."

Mama Zubeda naye kauliza kama bado kesi ipo, amemwandaa mpaka dada yake wa Leparua. Nikasema ipo. Akauliza Idi atavaa tai gani. Nikamwambia Idi atakaa nyuma pamoja nao. Mbele nitasimama mimi.

Akaenda zake. Ameelewa, au ataelewa huko.

Kesi ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Watakuja wote.