Ukame Haumo Katika Mkataba wa Gesi

Jumamosi, jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi na nyumba yangu yote ni vumbi. Nimefagia mara mbili nikakata tamaa. Hasira ninayo leo, lakini si ya vumbi.

Nimeshinda nikisoma mkataba wa gesi.

Kwa ambao mmeingia hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Akiru, ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Maziwa yanatoka Biliqo na pande zile za Merti. Yanafika juu ya lori, yamefungwa pamoja na mbuzi na abiria. Sisi tunayapokea, tunayachemsha, tunayapoza, halafu yanashuka Nairobi. Miaka yote tumechemsha kwa kuni. Sasa wanunuzi wanataka maziwa yaliyochemshwa kwa mtambo, na mtambo unataka gesi, tena si ule mtungi wa jikoni unaobebwa kwa bodaboda. Ni tangi kubwa linalojazwa na lori. Kampuni moja ya Nairobi imekubali kutuletea, na Jumatatu mwakilishi wao, Bwana Mutua, anakuja na kalamu yake tutie sahihi.

Mkataba ni wa Kiingereza, kile cha mawakili, ambacho sentensi yake moja inaondoka mjini na kufika kwetu Ngaremara bila kupumzika. Nimemaliza kidato cha nne na diploma juu yake, na bado ukurasa wa pili ulinishinda. Nikaingia mtandaoni kutafuta msaada. Nilichokipata ni maelezo ya jinsi nchi zinavyouziana gesi asilia, ile inayotoka ardhini na kusafiri kwa mabomba na meli. Nilitaka kufunga, nikaona si yetu. Halafu nikaona vifungu ni vilevile. Gesi yetu ni ya tangi, lakini mkataba wetu ni mjukuu wa ile mikataba, na sura haijifichi.

Nikaanza kuelewa, na nilielewa kwa kufikiria maziwa.

Kuna kifungu cha mahali pa kukabidhi. Gesi ni mali yao hadi inapovuka mdomo wa tangi letu, na ikishavuka ni yetu, hata ikivuja. Hilo tunalijua. Mtungi wa maziwa ukiwa juu ya lori ni wa mfugaji. Ukishushwa ukagusa chini ni wetu, hata kama yameganda. Ndiyo maana mwenyekiti wetu, Mama Gumato, hufungua kifuniko na kunusa mtungi ukiwa bado juu.

Kuna kifungu cha kipimo, kinachosema mita yao ndiyo itakayoaminiwa. Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba tunataka ikaguliwe tukiwepo. Kuna cha bei, ambayo imefungwa kwenye dola, na huko sina la kusema zaidi ya kuomba Mungu.

Halafu kuna kile cha chukua ama ulipe.

Hiki nilidhani nimekisoma vibaya. Kinasema kila mwezi tunaahidi kuchukua kiasi fulani cha gesi, na tukichukua pungufu, tutalipia kiasi kile chote. Yaani nitalipia gesi ambayo haijaingia kwangu! Nilikasirika, nikaenda kusoma maelezo ya mikataba mikubwa, nikakuta hata huko ndivyo ilivyo, na sababu ipo. Muuzaji amenunua gesi, ametenga lori, na hawezi kubaki anangoja kama leo nina hamu ya gesi au sina. Sawa. Ningekuwa yeye ningeandika hivyohivyo. Ila kwenye mikataba mikubwa, gesi uliyoilipia bila kuichukua unaruhusiwa kuichukua baadaye. Kwetu ruhusa hiyo haikuandikwa. Wino mwekundu tena.

Na ukishindwa kulipa, wanachukua mtambo. Mtambo ndio dhamana.

Kwa hiyo nikakimbilia kifungu cha dharura, ambacho ndicho mlango wa kutokea. Kinasema mtu hatadaiwa likitokea jambo lililo nje ya uwezo wake. Kimeorodhesha mafuriko, tetemeko la ardhi, vita, mgomo, maradhi ya mlipuko, hata moto. Tetemeko la ardhi, Isiolo!

Ukame haumo.

Nilisoma orodha hiyo nikifuata kwa kidole, kisha nikampigia Bwana Mutua. Ni kijana wa heshima, simlaumu. Aliniambia, "Madam, dharura ni kitu ambacho mtu hakutarajia. Ukame kwenu si dharura, ni kawaida yenu."

Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Ngamia anavumilia ukame kuliko ng'ombe, maziwa anaendelea kutoa, lakini malisho yakiisha karibu, wafugaji wanampeleka mbali mahali lori halifiki. Hapo maziwa yanapotea mjini, wakati mwingine msimu mzima. Mtambo utakaa kimya, na sisi tutakuwa tunalipia gesi ya kuchemsha hewa. Baada ya hapo mtambo utabebwa, na tutarudi kwenye kuni.

Mtu atauliza, mlikaa vikao vyote hivyo mkijadili gesi na hakuna aliyeutaja ukame? Hakuna. Hapa hatuutaji. Mapatano yetu yote yanajua kwamba mifugo ikihama, madai yanalala hadi irudi, kwa hiyo hakuna haja ya kusema. Tena kusema ni uchuro. Ukiutaja ukame wakati watu wanabariki jambo jipya, umeuita, na ukija unajulikana ni nani aliyeuita.

Najua kwa sababu mimi niliwahi kuuita. Kabla ya ukame uliopita nilisimama kwenye mkutano nikauliza tutafanyaje mvua ikikosa. Mvua ikakosa. Kuna wenzangu walioanza kuvuka upande wa pili wa barabara wakiniona. Mimi ndiye Mturkana peke yangu kwenye kikundi, mimi ndiye wa kanisani kati ya Waislamu, na sasa mdomo wangu ukawa na mkosi. Hakuna aliyeniambia usoni. Afadhali wangeniambia.

Yalipita, na sasa tunakula pamoja. Sitaki kuyarudia. Kikundi hiki ndicho kazi yangu na ndio watu wangu mjini, na ninaandika wazi kwamba leo niliogopa.

Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na huo ukuta ningeujenga mimi na hao hao. Mchana nikajifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi, nikaenda kwa Mama Gumato, mtaa wa Bula Pesa. Nikamsalimu salaam aleikum, akaniitikia, akanipa chai. Nikamweleza yote, hadi orodha ya dharura. Neno lenyewe nililitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa.

Aliweka kikombe chini.

"Akiru, huyu kijana alikula buna kwa nyumba yangu. Nimempatia neno. Sasa nimwambie neno imerudi?"

Buna ni kahawa ya Waborana, punje zake nzima zikikaangwa kwa samli. Mgeni akila na kubarikiwa, mambo yamekwisha. Mutua alikula, akaramba vidole, akaomba tena, bila kujua kwamba kwa Mama Gumato hiyo ndiyo ilikuwa sahihi. Hii ya Jumatatu ni ya kumfurahisha tu. Ahadi ni deni, na Mama hajawahi kuwa na deni la namna hiyo.

Nikamwambia neno halirudi, linaongezwa. Kisha akasema lililokuwa linamsumbua hasa.

"Na hiyo kitu usiandike kwa karatasi. Ukiandika umeita."

Hapo nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia mkataba ni mahali pa kuandika kila unachokiogopa, ndiyo kazi yake, na mawakili wa Nairobi wameandika hata tetemeko na hawakuogopa kwamba ardhi itawasikia. Chai ikapoa. Nilijiona niko tena kwenye ule mkutano wa zamani, nimesimama peke yangu.

Nikatulia, nikamuuliza jambo dogo. Je, ni mkosi kusema ngamia wamehama? Akacheka kidogo. Ngamia wanahama kila mwaka, alisema, hiyo ni habari kama habari ingine.

Basi nikaandika hapohapo, gotini: maziwa yanayotufikia yakishuka chini ya nusu ya kawaida kwa sababu mifugo imehamia mahali ambapo lori halifiki, kile kiasi cha chini cha gesi hakitadaiwa hadi mifugo irudi. Nilipoisoma tena sentensi hiyo nikaona imekuwa nzuri kuliko lile neno nililokuja nalo. Ukame ungengoja ofisi fulani iutangaze, na huko tungezungushwa. Mifugo kuhama anaona kila mtu mwenye macho.

Nikampigia Mutua mbele yake, simu ikiwa kwa sauti, nikamsomea hiyo na yale ya wino mwekundu. Alisema lazima aulize wakubwa. Tukangoja. Mama akaswali, akarudi akakaa. Simu ikalia. Wakubwa wamekubali, hata lile la kuchukua baadaye gesi iliyolipiwa wamekubali, ila kwa sharti moja: tuwaandikie mwezi mmoja kabla, ili wapange malori yao.

"Nyinyi wenyeji mnajua mapema kuliko redio," alisema Mutua, akifikiri anatusifu.

Nilikata simu. Mwezi mmoja kabla. Yaani kabla ya ngamia kuondoka, kabla ya maziwa kupungua, wakati watu bado wanaangalia mawingu na kusema inshallah, lazima mtu mmoja kati yetu akae chini aandike kwamba mambo yanaharibika. Tumeliondoa lile neno kwenye mkataba, na mkataba umelirudisha kwa mlango wa nyuma.

Mama Gumato alikuwa ameelewa bila kutafsiriwa.

"Nani anaandikanga barua za kikundi?"

"Katibu, Mama."

"Katibu ni wewe."

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikakusanya karatasi zangu, na nitasema ukweli, nilijisikia vibaya. Nimeupata mlango wa kutokea wa akina mama wote, na mlinzi wa mlango huo, yule atakayepiga kelele mapema na kuchukiwa, nimejiweka mwenyewe.

Alinisindikiza hadi langoni. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia barabara na mtandio wake unapigwa na upepo. Akaniuliza, kama mtu anayeulizia wazazi:

"Huko kwenu Ngaremara, mbuzi wanakula nini siku hizi?"

Nilijua ananiuliza nini. Ningeweza kusema wanakula majani, tukaagana. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani, na mama yangu alikuwa na ile fimbo ndefu, anawaangushia mbuzi maganda ya mgunga. Hatuangushi maganda kama nyasi ipo.

"Maganda, Mama. Wameanza maganda."

Mlango wa jirani ulikuwa unagongagonga kwa upepo.

"Basi Jumatatu tukimaliza hiyo karatasi ya kwanza, andika na hiyo barua ingine. Mpatie aende nayo." Akashika lango kulifunga, halafu akalifungua tena kidogo. "Na jina yangu weka juu. Yako ikae chini yake. Wakitaka kuvuka barabara, wavuke yangu kwanza."

Nikatembea hadi barabara kubwa ndipo machozi yakanitoka, na nikasingizia vumbi ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nimekagua mkataba tena tangu nifike. Hakuna mahali panapokataza kutoa taarifa siku ileile ya kutia sahihi. Bwana Mutua atashangaa, lakini ni yeye aliyesema tunajua mapema kuliko redio.

Nimefagia mara ya tatu. Jumatatu nitabeba kalamu yangu mwenyewe.