Nafasi Ipo, Faili Haliingii

Garissa, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Eda unaikaaje na joto hili? Kikohozi kimekuachilia? Mimi mwili mzima, ila nina hasira hata chai hainishuki.

Barua hii itakapokufika, hitima ya arobaini ya Baba itakuwa imeshasomwa. Sikukataa kuja, Mama. Bosi wetu, Bwana Abdi, alisema sitoki hadi ripoti ya ukame iingie kwenye kompyuta. Kila nikihifadhi, mashine inakataa. Namwambia imejaa, haamini.

Basi nikatumia amri ya kukagua diski. Unaandika neno moja, CHKDSK, na mashine inakuonyesha ukubwa wa diski na nafasi iliyobaki. Kumbe nimejichongea! Nafasi ilikuwa tele. Bwana Abdi akainama kwenye kioo, akacheka.

“Abaayo, nafasi iko mingi. Wewe taka enda kwenu tu.”

Abaayo ni dada kwa Kisomali, lakini siku hiyo sikusikia udugu wowote. Mimi nisingizie mashine ili nifike kwenye hitima ya marehemu babangu?

Nikarudia amri ile mpaka vidole vikauma. Jana asubuhi ndipo nikaangalia mafaili yenyewe. Yote tumeyarundika mahali pamoja, hapo mlangoni mwa diski, na mlango huo una kikomo cha majina. Ukifika kikomo, hata diski iwe tupu kiasi gani, jina jipya halikubaliwi. Nikamwambia Bwana Abdi, ambaye amekulia kwenye ngamia: kisimani maji yapo, lakini birika la kunyweshea limezungukwa, ngamia mwingine hana pa kuingiza shingo.

Akajibu: “Wallahi, hiyo najua. Ondoa wengine wangoje kando.”

Nikafuta faili moja bovu ili nafasi ya jina moja ipatikane, nikafungua chumba kipya ndani ya diski, nikahamishia mengine humo. Ripoti ikaingia. Akasema, “Sasa enda, abaayo.” Niende na nini? Basi la Malindi lilikuwa limeondoka alfajiri na msafara wa askari, na jingine ni wiki ijayo. Nimelia chooni kama mtoto.

Nisalimie dada Mwanaisha, mwambie asinune. Ami Bakari, aliyesimamia mazishi, mpe mkono wangu. Mjomba pia.

Najua kwenye hitima utakuwa umeniwekea nafasi mkekani, ubavuni mwako, ukawazuia watu wasiikalie. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Mwanao,
Rukia