Mupira wa Liane Uliingia Mutego wa Nani?

Stanleyville, kwa Wagenya, karibu na maporomoko
16 septembre 1956

Mupendwa yaya Alphonse, kaka yangu mukubwa,

Kwanza pokea salamu zetu, zile za kukushika mikono yote miwili. Je, muko wazima huko Elisabethville? Baridi ya mwezi wa saba imekuacha? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua? Dada Micheline na watoto hawajambo? Nasikia umenenepa. Usikatae. Yule mutu wa reli aliyepita hapa alituonyesha kwa mikono jinsi ulivyo, tukacheka mpaka papa akakohoa. Bukari ya Katanga inafanya kazi yake.

Sisi hatujambo, Mungu asifiwe. Bwana yangu Augustin angali anafanya kazi posta. Papa yetu Michel magoti yanamuuma mvua ikinyesha, lakini bado anataka kushuka majini, na kila asubuhi tunagombana. Muto unapanda, samaki ni wengi. Nimekukaushia watatu wakubwa, nitawatuma nikipata mutu wa kuaminika, si yule wa mwaka jana aliyekula njiani.

Bon, sasa nifike kwenye neno linaloniwasha. Unanijua. Mama alisema pua yangu inatangulia miguu. Kuuliza si ujinga, ndiyo jibu langu mpaka leo.

Mwezi ujao, dimanche tarehe kumi na ine, club yetu ya mupira, Liane Sport, inatimiza miaka makumi mbili na tano. Jubilé kabisa! Papa Feruzi, yule fundi wa kushona kutoka Maniema, ndiye président wa comité sasa. Ameshona jezi mpya za kijani yeye mwenyewe. Kutakuwa misa asubuhi, na tunamcheka Papa Feruzi kwa sababu yeye ni mwislamu lakini ndiye anayekimbia kwa mapadri kila siku. Kisha mechi. Na mutu aliyechaguliwa kupiga mupira wa kwanza ni papa yetu.

Sababu unaijua kuliko mimi. Ile asubuhi ya oktoba 1931 mulikwenda wawili na papa kutoa samaki, mukakuta ndani ya mutego mupira wa ngozi, muzima, umekaa kati ya samaki. Hadi leo hakuna anayejua ulitoka wapi. Ulianguka majini kule juu ya muto, Ponthierville? Nani aliupiga vibaya hivyo? Ningependa sana kumwona uso! Na sheria ya kwetu haina maneno mengi: kitu muto umetia ndani ya mutego ni cha mwenye mutego. Papa akawapa nyinyi vijana ule mupira. Mukafunga magoli kwa zile kamba za pori, liane kwa kifaransa, tunazofungia miti ya mitego majini, na jina Liane likatoka pale. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ukaingiza goli la kwanza. Mimi nilikuwa na kumi na mbili, nikapiga kelele mpaka sauti ikapotea siku mbili. Tangu wakati ule nimekosa mechi mbili tu, na zote mbili nilikuwa ninazaa.

Alors, juma lililopita kulikuwa kikao. Papa Feruzi alisoma historia ya club mbele ya watu. Alipofika kwa maneno "mutego wa Papa Michel", Mama Georgette akasimama. Unamukumbuka, muke wa Papa Hilaire, yule jirani yetu ambaye miti yake ilikaa juu kidogo ya miti yetu. Hilaire amekufa, sasa ni miaka miwili. Mama Georgette hakupiga kelele. Alisema tu, "Ule mutego ulikuwa wa bwana yangu," akajifunga kitambaa vizuri, akatoka.

Watu wakaguna. Wengine wakasema ni uchungu wa ujane. Papa alikuwa anatazama mikono yake.

Siku tatu nilisahau chumvi kwenye pondu, na Augustin, maskini, alikula hivyo hivyo. Haikuwa hasira, yaya. Ilikuwa kutaka kujua. Kwa nini aseme sasa? Kwa nini papa hakumujibu, papa ambaye anajibu hata jogoo?

Nikafungua sanduku la marehemu mama, kutafuta picha ya équipe ya kwanza. Picha sikupata. Nikapata karte ya ubatizo ya Nicolas, mudogo wetu: amezaliwa tarehe tisa oktoba 1931. Nikakaa chini palepale. Unakumbuka mama alivyokuwa anamuchokoza? "Wewe Nicolas ulinyonya samaki wa Hilaire." Maana wiki aliyozaliwa maji yalijaa, yakabeba miti yote ya papa, na hatukuwa tena na mutego hata mumoja mpaka Noeli. Hilaire alimuazima papa mutego wake ili mama mzazi apate supu. Sasa, mupira ulipatikana tarehe kumi na ine, siku tano tu baadaye. Hesabu wewe mwenyewe.

Nikashuka kwenye mawe ya maporomoko, nikauliza wazee wawili bila kutaja jina la mutu. Ukiazimwa mutego, kinachoingia ni cha nani? Wakajibu mara moja: samaki ni wako, kula na watoto wako. Na kitu kisicho samaki? Wakatazamana. Mumoja akasema kitu kisicho samaki kinarudi kwa mwenye miti. Yee!

Nilitaka kufunga sanduku na kunyamaza, nakuambia kweli. Papa ni muzee wa miaka sitini na nane. Atapata heshima gani nyingine tena hapa duniani? Lakini nikamufikiria Hilaire. Miaka yote ile alikuja kila mechi, akasimama nyuma ya goli peke yake. Banc ya mbele, pale papa anapokaa, hakuikalia hata siku moja. Mimi nilizani ni tabia yake tu.

Jana asubuhi nilimupelekea papa chai na ndizi za makemba, nikamuuliza wazi. Nilingoja anifukuze. Akaweka kikombe chini. "Honorine," akasema, "miaka makumi mbili na tano nangoja mutu aniulize." Halafu akalia, yaya. Papa yetu. Hata kwa mazishi ya mama sikumuona hivi.

Akanieleza. Alitaka kurudisha mupira ile asubuhi, lakini vijana walikuwa wamekwisha kuuona, wanaruka, wanaimba jina lake, na akaona utamu. Kesho yake ikawa vigumu. Wiki iliyofuata, vigumu zaidi. Hilaire alikuja mara moja tu, akamuuliza, "Michel, mutego umekupa nini?" Papa akajibu, "Samaki." Basi, neno moja. Hilaire hakuuliza tena mpaka akaingia kaburini.

Saa ine tukaenda kwa Mama Georgette, papa na fimbo yake. Alisema yeye mwenyewe, sikumusaidia hata kidogo. Mama Georgette alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye moto kulikuwa liboke ya samaki, imefungwa ndani ya majani, inanukia, na unajua kwetu mugeni hatoki bila kuonja. Hakutugawia. Akasema, "Nimesikia. Lakini bwana yangu alihuzunika mbele ya watu, Michel. Siku utasema mbele ya watu, utarudi hapa, utakula." Tukatoka na njaa. Njiani papa akasema yule mama iko na haki.

Donc ndivyo tulivyo sasa. Papa Feruzi alipoambiwa alishika kichwa, kwa sababu programme imekwisha kuchapwa na jina la papa liko juu kabisa. Halafu akasema sawa, wino si Korani. Papa atasimama katikati ya uwanja, atasema, na mupira wa kwanza utapigwa na Mama Georgette. Tangu jana papa anajaribu maneno yake nyuma ya nyumba. Akifika kwenye jina la Hilaire anaanza upya. Anaogopa kuzomewa. Mimi vilevile naogopa, na ni mimi niliyeanzisha.

Sasa swali kubwa, yaya, linalopita yote. Ulikuwa ndani ya pirogue, ule mutumbwi wa papa. Ile miti uliijua, ulijua ni ya nani. Uliingiza ile goli ukijua? Ndiyo sababu ulikwenda Katanga mwaka uliofuata? Katika barua zako unauliza habari ya mihogo, ya paa ya nyumba, hata ya mbwa wa jirani, lakini Liane, hata siku moja. Sikulaumu. Nataka kujua, na nataka uje. Omba congé, wakupe ruhusa kazini. Najua safari ni ndefu, treni, meli, treni tena, lakini ukitoka kabla mwezi huu haujaisha utafika. Barua hii itapanda ndege kesho pale Simi-Simi, Augustin ataitia mwenyewe ndani ya mufuko.

Musalimie Micheline, umwambie asikuzuie. Wabusu watoto. Nicolas anakusalimu, naye anajivuna sasa kwamba ubatizo wake umekuwa shahidi. Mungu awafunike kwa mukono wake, awape usingizi mwema na kazi isiyovunja mugongo.

Papa iko karibu yangu hapa. Kuandika hajui, anataka niweke maneno yake bila kuongeza la kwangu: "Alphonse, ile asubuhi nilikuambia unyamaze. Ulinisikia, ukanyamaza. Sasa nimekufungua. Njoo usimame na mimi, useme."

Mudogo wako akupendaye,
Honorine